Kuchapa Nguo kwa Skrini: Tuanze na Fremu, si na Mashine

Mazungumzo kwa vikundi vya akina mama na vijana, katika ukumbi wa kanisa

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya kuchapa nguo kwa skrini, na hasa juu ya vifaa vyake. Wengi wenu mna watoto wanaosomea sanaa na ushonaji katika vyuo vya ufundi, na swali mnalotuletea ni lile lile kila mahali: mtoto amemaliza, cheti anacho, lakini kifaa cha kufanyia kazi hana. Miezi sita ikipita, mkono umesahau. Je, kikundi kimsaidie namna gani?

Hii shida si ya jana. Mwaka wa 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza, baada ya shule, ni nini? Kutokana na swali hilo vikaanza vyuo vya ufundi vya vijijini, vile tulivyozoea kuviita polytechnic. Siku hizi viko chini ya serikali za kaunti. Ufundi unafundishwa, tunamshukuru Mungu, lakini kijana akitoka pale vifaa vinabaki pale.

Jibu letu tutalisema mapema. Msimnunulie mashine. Mnunulieni kitambaa cha skrini na raba, mumpe mbao, halafu mumpe kazi ya kwanza.

Tunalisema hilo kwa sababu tunajua kikundi kimoja, hatutakitaja, kilichochukua mkopo kikanunua mashine ya kuchapa fulana yenye mikono minne, ile inayozunguka kama feni, pamoja na kifaa cha umeme cha kukaushia. Umeme wenyewe ulikuwa umefika sokoni tu, haujafika kwao. Kijana aliyepelekwa kufundishwa alipata kibarua Nairobi akaenda. Marejesho ya mkopo hayakungoja. Akina mama walilipa kwa mbuzi na kwa mahindi ya chakula, na mashine imefunikwa gunia mpaka leo. Mashine si mbaya, ni kitu kizuri kwa mtu mwenye oda za kila wiki. Lakini kile inachofanya ni kuharakisha kazi ambayo mkono tayari unaijua. Kama mkono haujui, itaharakisha kuharibu.

Sasa skrini ni nini? Wenye umri wetu mnakumbuka ile Gestetner ya ofisi ya kanisa, iliyochapa ratiba za ibada na mitihani ya shule. Katibu alipiga taipu kwenye stensili yenye nta. Pale herufi ilipogonga, nta ilifunguka na wino ukapita. Pengine pote wino ulizuiwa. Skrini ni hivyo hivyo. Ni kitambaa chepesi kilichokazwa kwenye fremu ya mbao, mahali pengine pamezibwa na mahali pa picha pameachwa wazi. Unaiweka juu ya nguo, unavuta rangi kwa raba, rangi inapita pale palipo wazi peke yake.

Mtu atauliza, kwa nini tusikate karatasi ngumu tu na kupaka kwa brashi? Mnaweza. Lakini kata herufi O, uone: kile kiini cha katikati kinaanguka. Kwenye skrini kiini kinashikwa na kitambaa, kwa hiyo unaweza kuchapa herufi yoyote na picha yoyote bila vile vidaraja vya kuishikilia. Huko Manchester, Uingereza, Samuel Simon alipata hataza ya njia ya namna hii mwaka wa 1907, akitumia kitambaa cha hariri.

Na tangu hapo imekuwa ni njia ya watu wasio na mali nyingi. Mwezi wa Mei 1968 wanafunzi wa sanaa wa Paris walikuwa wakichapa mabango yao kwa mtambo wa mawe, nakala zikatoka chache na pole pole. Wakahamia kwenye skrini, na mabango yakajaa mji. Marekani, Sista Corita Kent, mtawa Mkatoliki aliyefundisha sanaa katika chuo cha Immaculate Heart, Los Angeles, alichapa picha zake kwa skrini kwa sababu nakala ni nyingi na mtu wa kawaida anaweza kununua moja. Huyo tunampenda sana, kwa kuwa alichukua maneno yake kwenye karatasi za mkate na matangazo ya dukani. Hakungoja apate kitu cha ajabu cha kuchora.

Haya, tuje kwa mbao.

Kwa fulana au mfuko, fremu yenye nafasi ya ndani ya sentimita 45 kwa 55 inatosha. Picha isizidi sentimita 25 kwa 35, ili pande zote kubaki sentimita 10 za kuwekea rangi. Wengi wanabana hapo kwa kuokoa mbao, halafu rangi inakosa mahali pa kukaa na picha inatoka na ukingo hafifu. Tumieni mbao ya saipres ya inchi 2 kwa 2, iliyokauka. Mbao mbichi ikinyonya maji itajipinda, na fremu iliyopinda haitulii mezani. Futi 9 hivi zinatosha fremu moja na mshikio wa raba. Seremala aunge pembe kwa gundi na skrubu, si misumari peke yake, kisha mpake vanishi mara mbili. Laza fremu juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikicheza pembe moja, irudishwe kwa seremala kabla hamjamlipa.

Kitambaa cha skrini ni cha poliesta, kinauzwa kwa mita na wauzaji wa vifaa vya kuchapa mjini. Kinahesabiwa kwa nyuzi. Kwa nguo, ombeni chenye nyuzi 43 kwa sentimita. Nyuzi zikizidi sana, kama zile 77 au 90 za kuchapia karatasi, rangi ya nguo inapita kwa shida. Kwa kujifunza, pazia jepesi la ndani, lile la poliesta linaloonyesha nje, linafaa kwa herufi kubwa na picha nene. Usitumie pamba, maana ikilowa inalegea.

Kukaza kitambaa ndiyo kazi tunayoomba mwanafunzi airudie mpaka achoke. Anza katikati ya upande mmoja, piga pini tatu za stepla. Nenda upande wa pili unaoelekeana nao, vuta kwa nguvu, piga tatu. Halafu pande mbili zilizobaki. Ndipo unatoka katikati kwenda pembeni, kila mara ukivuka upande wa pili, kamwe usimalize upande mmoja kwanza. Ukigonga kwa kidole kilie kama ngoma. Kitambaa kilicholegea kinafuata raba, na mstari ulionyooka unatoka kama nyoka. Mtu analaumu rangi, analaumu fulana, na kosa liko kwenye pini. Mwisho, zibeni pembezoni kwa ndani kwa selotepu pana ya kahawia, rangi isivuje kando.

Raba ya kuvutia rangi mafundi wanaiita skwiji. Hapo tunawashauri mnunue raba yenyewe, msitafute njia ya mkato. Raba ya kusafishia vioo ni laini mno, inapindika na kumwaga rangi nyingi, na tyubu ya gari ni mbaya zaidi. Raba inayofaa ni ngumu kiasi, ukingo wake umenyooka na una pembe kali. Ikateni ipite upana wa picha kidogo, muipachike kwenye mbao iliyochongwa mfereji. Kwa hiyo vya kununua mjini ni kitambaa, raba na rangi. Vingine vyote viko kijijini.

Meza isiwe tupu. Tandikeni blanketi kuukuu, juu yake shuka, mkaze. Fremu ifungwe kwa bawaba mbili za mlango kwenye ubao, ili ikishuka irudi mahali pale pale. Chini ya pembe za mbele wekeni sarafu, skrini iinuke milimita 2 au 3 juu ya nguo. Iguse nguo pale tu raba inapopita, kisha ijiinue yenyewe. Hizo sarafu ni kitu kidogo lakini bila hizo picha inapakaa.

Njia ya kwanza ya kuweka picha ni karatasi. Kata picha kwa wembe kwenye karatasi nyepesi, ilaze juu ya nguo, shusha skrini, vuta rangi. Rangi yenyewe itaigandisha karatasi chini ya kitambaa. Mnaweza kuchapa makumi ya nguo kabla karatasi haijalowa na kuchanika. Kwa oda ndogo ya kwaya, msalaba na jina, hii inatosha kabisa, na hatuoni kwa nini mwanafunzi aruke hatua hii. Karatasi inamfundisha kufikiri: kipi kiwe rangi, kipi kiwe nguo.

Njia ya pili ni kuchora kwa brashi juu ya kitambaa, ukiziba pale pasipotakiwa rangi kwa vanishi. Gundi nyeupe ya mbao haifai kwa rangi ya maji, italainika. Vanishi haitoki kwa urahisi, kwa hiyo skrini hiyo ni ya picha moja ya kudumu, mathalani nembo ya kikundi.

Ya tatu ni ya jua, na hapa vijana wanachangamka. Kuna dawa inayopakwa kwenye skrini, mafundi wanaiita emalsheni. Ikipigwa na mwanga inakuwa ngumu. Isipopigwa inatoka kwa maji. Paka safu nyembamba pande zote mbili kwa plastiki ngumu iliyonyooka, ukaushe skrini ikiwa imelala, kwenye giza. Stoo ya mahindi iliyozibwa madirisha kwa blanketi inafaa, pamoja na mwanga mdogo wa mshumaa kwa mbali. Picha yako ichore kwa wino mweusi mzito kwenye karatasi, kisha ipake mafuta ya kupikia kidogo, ufute vizuri. Karatasi inapitisha mwanga na weusi unauzuia. Panga hivi: chini kitambaa cheusi juu ya godoro la sponji, halafu skrini, halafu picha, halafu kioo cha kuigandamiza. Beba nje ikiwa imefunikwa, funua, hesabu, funika.

Uhesabu mpaka ngapi? Hatuwezi kuwapa namba moja, kwa sababu dawa zinatofautiana na mawingu pia. Kwa hiyo mfanye jaribio kwenye skrini ndogo. Funika picha kwa kadibodi, sogeza kadibodi kila baada ya nusu dakika, mpate ngazi sita. Osha kwa maji baridi. Pale ambapo dawa yote inateleza na kutoka, jua lilikuwa kidogo. Pale ambapo picha inakataa kufunguka, lilizidi. Katikati yake ndiyo saa yako, iandike kwenye daftari pamoja na jina la dawa. Fanyeni kazi hii karibu na saa sita mchana. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna jua la utosini, na mwanga ukishuka wima hauingii pembeni chini ya mistari. Huko Ulaya watu wananunua taa kwa kazi hii.

Tuseme neno zito kidogo. Kuna mafundi wanaochanganya dawa yao wenyewe kwa gundi na ile chumvi ya rangi ya machungwa, daikrometi. Ni rahisi na inafanya kazi. Msiitumie. Ina kromiamu ya aina inayochoma ngozi na kufanya vidonda visivyopona upesi, inaharibu kifua, na vumbi lake linaleta saratani ya mapafu. Hatuwezi kumpa msichana wa miaka kumi na saba kifaa cha namna hiyo na kusema tumemsaidia. Nunueni emalsheni iliyotengenezwa tayari isiyo na kitu hicho, muulize muuzaji, msome mkebe. Na msioshe skrini kwa petroli ndani ya nyumba yenye jiko.

Kwa rangi, chagueni ya maji. Ile ya plastiki inayong'aa kwenye fulana za mjini haikauki yenyewe hata ukiianika mwezi mzima, inataka joto la nyuzi 160 hivi lifike ndani yake, na kuisafisha kunataka kemikali. Rangi ya maji inasafishwa kwa maji. Ubaya wake ni mmoja: inakauka haraka, hata kwenye skrini. Chapeni kivulini, na mkisimama kidogo mwache skrini imefunikwa rangi. Kazi ikiisha ioshwe mara moja. Skrini haingoji chai. Kwanza kwangueni rangi irudi mkebeni, mfute kwa gazeti, ndipo maji, na maji hayo yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima na mto.

Amerikani na fulana mpya zifuliwe kabla ya kuchapwa, maana zina wanga wa kiwandani unaozuia rangi kushika. Weka rangi upande mmoja wa skrini, shika skwiji kwa mikono miwili, iiname kidogo, vuta mara moja kwa nguvu iliyo sawa. Ukibonyeza sana rangi inamwagika chini ya mistari. Nguo nyeusi itawasumbua, kwa kuwa rangi ya maji ya kawaida inazama isionekane. Itawabidi mpate rangi nzito ya kufunika, na mwanafunzi asianze na hiyo.

Halafu pasi. Hapa ndipo vikundi vinapopoteza wateja. Rangi ikikauka kwa mkono inaonekana imekwisha, mnakabidhi, na Jumatatu mama mmoja anafua na nembo ya kwaya inabaki kwenye karai. Rangi nyingi za maji zinataka joto ili zishike nguo. Acha ikauke kabisa, funika kwa karatasi safi, piga pasi kwa moto wa pamba dakika 3 hadi 5 kila mahali penye picha, ukiisogeza. Pasi ya makaa inafaa sana, mradi majivu yasiangukie nguo. Ukisoma maagizo kwenye mkebe, hayo ndiyo ya kufuata kuliko maneno yetu. Kisha chukueni nguo moja muifue kwa sabuni na maji ya moto mara tano, kabla oda haijatoka. Hiyo nguo moja ni gharama ya kazi, si hasara.

Soko lipo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, mfuko wa kitambaa umekuwa kitu cha kila nyumba. Kuna sare za kwaya, leso za vikundi, beji za shule. Lakini hebu tupige hesabu, na hizi ni namba za mfano tu, si bei ya soko lenu. Oda ya mifuko 50. Mnashona 54, maana minne itaharibika. Kitambaa na kushona shilingi 90 kila mmoja, jumla 4,860. Rangi shilingi 10 kila mmoja, 540. Emalsheni na makaa 400. Watu wawili siku moja, 600 kila mtu, 1,200. Akiba ya kubadilisha kitambaa cha skrini 250. Jumla 7,250, yaani shilingi 145 kwa mfuko. Vikundi vingi vinahesabu kitambaa na rangi, 100, vinauza kwa 120 na kufurahia faida ya 20. Kweli wamepoteza 25 kwa kila mfuko, 1,250 kwa oda yote. Wale wawili wamefanya kazi bure, na kikundi kimemwongezea mteja shilingi 50.

Chukueni nusu ya malipo kabla ya kukata kitambaa. Kwa fulana za kampeni chukueni yote, awe ni mheshimiwa wa chama gani. Akishinda hapatikani, na akishindwa hana. Na mkiletewa nembo ya timu ya mpira au ya kampuni, ulizeni barua ya ruhusa kwa mwenyewe.

Mwisho ni yule kijana wenu. Fremu na raba ziwe mali ya kikundi, ziandikwe kwenye daftari la mali. Yeye alipwe kwa kila oda kama fundi, si kama mtoto wa nyumbani. Andikeni mapatano kwamba baada ya oda kadhaa, mkubaliane ni ngapi, skrini moja inakuwa yake. Na awe anamfundisha mwenzake mmoja tangu siku ya kwanza, maana atakuja kuolewa au kupata kazi mbali, na hatuwezi kumfunga kamba.

Leo mchana seremala atatuonyesha fremu mbili. Alhamisi ijayo kila kikundi kije na watu wawili, kipande cha amerikani kilichofuliwa, wembe, pasi, na mchoro mmoja usiozidi ukubwa wa daftari la shule. Wenye kioo cha dirisha kisichopasuka wabebe. Rangi tutaleta sisi, nyeusi na nyekundu tu.